Databezi za kemikali za bure, za kuaminika kweli?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi nasoma kemia mwaka wa pili, kuna jamaa kaniambia nisihangaike na databezi za bure za kemikali eti wanasayansi wa kweli wanatumia za kulipia. Ni kweli? Na hizo za bure zinasaidia nini hasa?

JIBU: Jamaa yako kakudanganya, ila sio kwa kila kitu. PubChem, databezi ya bure ya kemikali, ipo tangu 2004, inaendeshwa na taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, ina kampaundi zaidi ya milioni 100 na hata kujisajili hujisajili. Tafuta aspirini uone, inakuja na namba yake ya PubChem 2244, fomula C9H8O4, muundo, sumu, mpaka majaribio iliyofanyiwa.

Utamu wenyewe lakini uko kwenye majina. Kemikali moja ina majina kibao, kiwanda hiki kinaiita hivi, kitabu kile kinaiita vile, sasa kompyuta itajuaje kwamba ni kitu kilekile? Ndo ikaja InChIKey, msimbo wa herufi 27 ukihesabu na vistari, unatokana na muundo wa molekuli yenyewe kwahiyo popote duniani ukiutengeneza unatoka uleule, unaukopi tu unaubandika kwenye databezi nyingine na taarifa zinaungana.

Halafu wanaotafuta dawa wanaenda ChEMBL, databezi nyingine ya bure ya kule Hinxton, Uingereza, hapo unachora molekuli yako unaletewa zinazofanana nayo, na kila moja imejaribiwa kwenye protini gani ikafanya kazi kwa kiwango gani, yaani kabla hujamwaga hela maabara unajua nani kashapita hiyo njia na akakwama wapi. Mimi kwa hilo peke yake ningezisifia.

Sasa pale jamaa alipo na pointi: PubChem inapokea data kutoka mamia ya watoaji, na wengine wanaleta muundo ambao haujaonyesha molekuli imeelekea kushoto au kulia, yaani atomi ni zilezile ila zimepangwa kama mkono wa kushoto na wa kulia, kumbe kwenye dawa hiyo tofauti ni kubwa mno. ChEMBL angalau kuna watu wanasoma majarida na kuchambua. Na ukitaka njia ya kutengenezea kampaundi, za kulipia kama SciFinder bado ziko mbele. Kwenye ripoti yako basi usiandike "PubChem" ukaishia hapo, bonyeza uone hiyo taarifa kaileta nani, umtaje huyo.