Red or Black? ya ITV ya Uingereza ilikufa mapema sababu mtazamaji hakuwa na la kufanya

Mkuu umeuliza inakuwaje Red or Black?, kipindi cha Simon Cowell yule wa X Factor, kinaendeshwa na watangazaji maarufu Ant na Dec, kife baada ya misimu miwili tu. 2011 kinaanza mimi nilikuwa naishi Uingereza na nilikifuatilia, ITV walikuwa wanakirusha karibu kila usiku wiki ile ya kwanza.

Mchezo wenyewe, kundi la watu linachagua nyekundu au nyeusi, waliokosa wanatoka, waliobaki wanachagua tena, inaenda hivyo mpaka anabaki mmoja anasimamishwa mbele ya gurudumu la kamari, rangi yake ikitoka anachukua pauni milioni 1, isipotoka anarudi home mikono mitupu. Basi. Swali hakuna.

Sasa pale tulipokuwa tunakaa tulikuwa Waswahili watupu, ikija Who Wants to Be a Millionaire?, ile ya maswali ya kuchagua jibu, ilikuwa hapakaliki, mtu kasimama anaifokea tivii "B! We bwana ni B!", akikosa anazomewa mpaka kesho. Hii ya rangi shangazi mmoja wa Tanga alisema tu "nyeusi" akaenda zake jikoni kugeuza chapati, karudi wale jamaa bado wanapiga muziki wa kutishia watu, gurudumu hata halijazungushwa. Akauliza kwani wanasubiri nini? Hakuna aliyekuwa na jibu 😂

Ndo tatizo lilipo. Aliyeshindwa huwezi kumlaumu maana hajakosea kitu, na aliyeshinda huwezi kumsifia. Halafu magazeti yakafukua kwamba mshindi mmoja alishawahi kufungwa, watu wakaanza kuhoji huyu kapewa milioni kwa lipi hasa, na ukweli ni kwamba hakuna la kumtetea zaidi ya kusema alitaja rangi.

2012 wakarudi, wakahamia Jumamosi, wakachomekea michezo ya kuonyesha uwezo kidogo, ila rangi zikabaki pale pale na baada ya hapo wakafunga.

Na kabla mtu hajaniambia watu hawapendi bahati nasibu, Deal or No Deal ya Channel 4 nayo ni bahati tupu, masanduku tu yale ya pesa usiyojua lipi lina kiasi gani, na ilidumu toka 2005 mpaka 2016. Ila kule kuna jamaa wanamuita Banker anapiga simu na ofa ya kununua sanduku lako, inabidi uamue uchukue au ukaze, na hapo ndo hata shangazi angeacha chapati iungue.