Kucha za Bosi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arusha aliniandikia: “Kaka, mbwa wangu ana miaka tisa, miguu ya nyuma inamkatalia, anayumba kama mlevi. Kila mtu ananiambia nimpige sindano yaishe. Wewe ulifanyaje?” Ujumbe ulinikuta kwenye foleni ya benki. Nilitoka bila kuhudumiwa.

Nilifanya makosa, dada. Tuanzie hapo.

Bosi alikuwa German Shepherd. Aliingia kwangu hapa Moshi akiwa ndani ya boksi la sabuni, na kwa miaka tisa hakuna kibaka aliyeijaribu fensi yangu mara mbili. Halafu usiku mmoja nikasikia barazani: krrr, krrr. Kucha za nyuma zinakwaruza saruji kila anapopiga hatua. Nikasema uzee huo, hata nikamtania. Nilipokuja kumkagua, kucha mbili za katikati zilikuwa zimelika upande wa juu hadi kwenye nyama.

Mtaalamu wa kwanza (simtaji, anajijua) alisema ni baridi yabisi. Miezi mitatu ya sindano na vidonge, mimi kazi yangu kulipa. Na Bosi hakuwahi kulia hata siku moja! Unambonyeza mgongo, unamkunja nyonga, anakulamba mkono. Hayo maumivu tuliyokuwa tunayatibu yalikuwa wapi? Sikuuliza.

Wa pili, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, hakugusa bomba la sindano. Alimsimamisha Bosi, akaukunja unyayo wa nyuma, sehemu ya juu ikagusa sakafu, kisha akauachia. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Bosi alibaki vile vile, ananitazama, hana habari kwamba mguu umepinduka. Nilielewa kabla daktari hajafungua mdomo.

Ugonjwa wenyewe kwa Kiingereza unaitwa degenerative myelopathy. Neva zinazopita ndani ya uti wa mgongo zinakufa polepole, na habari za miguuni zinapotea njiani. Huwapata zaidi mbwa wa miaka minane na kuendelea: German Shepherd, Boxer, Corgi, hata Rhodesian Ridgeback. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba unahusiana na hitilafu kwenye jeni ya SOD1, jeni ile ile inayoleta ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, kwa baadhi ya binadamu. ALS ndiyo iliyomkalisha Stephen Hawking kwenye kiti cha magurudumu. Dawa ya kuponya haipo, na uthibitisho kamili hupatikana mbwa akishakufa. Akiwa hai, daktari huyaondoa magonjwa mengine kwanza. Kwa hiyo miguu ikilegea ghafla, au mbwa akilia ukimgusa mgongo, mkimbize siku hiyo hiyo. Huenda ni diski, kile kitulizo kati ya pingili za mgongo, imechomoka, na diski inaweza kutibika. Usimpe diklofenaki yako ya kabatini, itamharibu tumbo na figo.

Kilichobaki ni mazoezi. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi waliandika kwamba mbwa waliofanyishwa mazoezi mengi kila siku waliishi muda mrefu kuliko wasiofanyishwa. Basi mimi nikakunja kanga ya mke wangu, nikaipitisha chini ya tumbo la Bosi, nikashika ncha zote mbili, tukawa tunatembea asubuhi na jioni. Mgongo uliouma ni wangu. Jirani akasimama getini: “Mbwa ni mbwa, bwana.” Sijamsahau.

Kanga iliposhindwa, nilikwenda kwa fundi baiskeli na mchoro wangu wa penseli. Mabomba ya plastiki, matairi ya baiskeli ya mtoto, mikanda ya begi la shule. Siku ya kwanza tu, Bosi alichomoka na kile kikokoteni akawafukuza kuku wa jirani yule yule hadi jikoni kwake. Niliomba radhi, lakini kwa kweli nilitamani apige raundi ya pili.

Alikwenda hivyo miezi kumi na moja tangu usiku wa krrr. Miguu ya mbele ilipoanza kulegea, yule mama daktari alikuja nyumbani. Hapo siandiki zaidi.

Ninyi mnaonunua mbwa wa mbegu kwa ajili ya kuringa: mmewahi kuuliza habari za wazazi wake? Kipimo cha jeni kipo, na mnaozalisha bila kupima mnauza kilio cha miaka tisa mbele. Punguzeni ugali, mbwa mnene hana wa kumnyanyua. Tandikeni mikeka juu ya vigae. Mgeuzeni alipolala asitoke vidonda, mkausheni mkojo. Na zisikilizeni kucha, jamani, zisikilizeni!

Dada wa Arusha, kikokoteni kipo stoo. Mpime mbwa wako urefu kutoka sakafuni hadi tumboni, unitumie. Matairi ni mazima, ni mkanda wa kushoto tu unaotaka kushonwa, aliutafuna mwenyewe.