Mwalimu, Ijumaa ya kwaya na bao haimlii mwanangu masomo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la nne katika shule ndogo ya kanisa huku Machame. Kila Ijumaa saa saba mchana madaftari yanafungwa: wengine kwaya, wengine bao, wengine bustani, mpaka saa tisa na nusu. Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa, na Hisabati inamsumbua, hasa sehemu. Ada naipata kwa shida. Nimwombe mwalimu mkuu amwache darasani afanye mazoezi, au nimhamishe? (Baba, Machame)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimtoe, wala usimhamishe kabla hujaenda kukaa nao Ijumaa moja.

Nimefundisha darasa la tatu na la nne miaka 31, na nitaanza na hizo sehemu. Mwambie binti yako akuonyeshe karatasi ya kwaya. Kwaya zetu nyingi za kanisa husoma noti za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Kati ya herufi utaona nukta mbili, nukta moja na mkato. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja hulikata pigo nusu kwa nusu, na mkato huipasua ile nusu zikawa robo. Mtoto anayeimba mstari huo bila kupotea amekwisha kugawa sehemu kwa mdomo na kwa viganja, hata kama kiasi na asili ubaoni bado vinamchanganya. Nilikuwa na mvulana aliyegoma kukubali kwamba robo mbili ni nusu. Nilimchorea machungwa, nikamkatia mkate, wapi! Siku moja nikamwambia apige makofi mstari wa sauti ya tatu, polepole. Akarudia mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe zote zinaenea humo humo." Sikuhitaji kumweleza tena.

Bao nalo lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Mchezaji hashiki kete kwanza, anahesabu kwanza: nikianzia hapa, kete ya mwisho itaangukia wapi? Mtoto mwenye haraka hufungwa, na hujifunza kutulia bila kuchapwa.

Kuna mwaka, katika shule niliyokuwa nikifundisha, tulifuta shughuli za Ijumaa muhula mzima ili watoto wajiandae na mtihani. Niliunga mkono, na bado naumia nikikumbuka. Mchana watoto walisinzia juu ya madawati. Utoro wa Ijumaa ukaanza, na walioanza kutoroka walikuwa wale wale dhaifu tuliodai kuwasaidia, kwa kuwa kwaya na mpira ndipo mahali pekee waliposifiwa. Hata mashindano ya shule za msingi nchini, UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania, yameweka michezo na taaluma katika jina moja.

Hapo kwenye bustani ndipo ningekutaka uwe mkali. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa sehemu ya masomo, na watoto washiriki katika kuamua. Basi uliza: nani alipima vitalu? Mchicha ukivunwa unakwenda wapi? Kama watoto wanapima mzingo na eneo, wanaandika mavuno na wanakula hiyo mboga kwenye uji na makande yao ya shuleni, hilo ni somo. Kama wanabeba ndoo za maji tu na mboga inaishia nyumbani kwa mkubwa fulani, hiyo ni kazi ya bure, ipeleke kwenye kikao cha wazazi. Uliza pia kama wazazi Waislamu waliopeleka watoto wao hapo wameulizwa kuhusu kwaya. Shule nzuri ya kanisa humwachia mtoto huyo achague bao au bustani bila kumwonyesha uso mbaya.

Mazoezi ya Hisabati yafanyike nyumbani, nusu saa, Jumanne na Alhamisi, wewe ukiwa umekaa naye. Na Ijumaa hiyo fika mapema, kaa benchi la nyuma. Akimaliza kuimba, weka kidole juu ya ule mkato kwenye karatasi yake umuulize hapo pigo limegawanywa mara ngapi. Kisha niandikie alichokujibu.