Kabla hujailaumu programu yako, fungua boksi kwanza

Mi ni fundi kompyuta hapa Mtwara, kibanda changu kipo Chikongola, na kinachonipa ugali ni kupiga windows, kubadili vioo vya laptop, na msimu wa korosho ukichanganya basi printa nazo zinakuja kwa fujo. Ila nina ugonjwa mmoja, napenda makompyuta ya zamani, yale mazito ya miaka ya 90 ambayo watu wameyageuza stuli. Sasa katika kupoteza muda nikaanza kuandika kaprogramu kadogo ka DOS (mfumo wa kuendeshea kompyuta wa enzi za kabla ya Windows kushika), unakaweka kwenye floppi, zile disketi za zamani, unawasha mashine, kanakwambia hii ni ya aina gani, prosesa gani (ile chip kuu inayofanya kazi zote), spidi ngapi. Kuandika haikuwa kazi sana. Kazi ilikuwa kujua kama kanasema kweli.

Mwanzo nilikuwa nakajaribia kwenye laptop yangu, ndani ya DOSBox na 86Box, zile kompyuta za kuigiza. Kila jibu sahihi, nikajiona nimemaliza. Kumbe ujinga mtupu, maana wewe mwenyewe ndo umeiambia emuleta iwe Pentium, afu unaiuliza we ni nani, inakujibu Pentium, unafurahi. Ni sawa na kumnong'oneza mtoto jibu la hesabu halafu unamsifia kafaulu.

Siku hiyo akaja mzee mmoja mstaafu kutoka Mikindani, kaleta boksi limefungwa kwenye kanga nyuma ya bajaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. CPU yangu hii, nataka kujua kama nzima bado."

(CPU kwa kweli ni prosesa, ila huku kwetu boksi zima linaitwa CPU, na mi nimeshachoka kubishana, ila ukiandika programu ya kutambua prosesa neno hilo litakuchanganya na wateja kila siku.) Mzee akanionyesha kwa mbele pale, kuna kidirisha cha namba nyekundu cha kuonyesha spidi ya prosesa kwa megahetsi, ukiwasha kinaandika 66. Akasema hii ni sitini na sita, ilikuwa mashine ya maana enzi hizo, ofisi nzima walikuwa wanaijia. Nikataka kuifungua nione ndani, skrubu zote zimeshika kutu, si unajua upepo wa chumvi wa Mikindani, bisibisi inazunguka tu inakula kichwa. Nikasema ah, ya nini kuhangaika, programu si ninayo. Hilo ndo lilikuwa kosa langu la kwanza na nililipia siku mbili.

Nikaweka floppi, nikaendesha, mashine ikaganda. Nikazima nikawasha tena, ikaganda palepale. Dogo ninayefanya naye kazi akasema kaka hiyo imekufa. Haikuwa imekufa. Mi ndo nilikuwa naiuliza kwa lugha ambayo haijui. Kuna amri inaitwa CPUID, ukiipa prosesa inakutajia jina la kampuni kwa herufi 12, Intel inajibu GenuineIntel, AMD inajibu AuthenticAMD, na Cyrix eti CyrixInstead, yani hata jina lina majivuno. Lakini amri hiyo ilikuja 1993 na Pentium na baadhi ya 486 za baadaye (486 ndo kizazi cha prosesa kilichotangulia Pentium), kwahiyo 486 za mwanzo ukizipa hazijui ni kitu gani, na kwenye DOS hakuna wa kukuokoa, inastaki. Inabidi upige hodi kwanza. Kwenye rejista ya flagi (kijisehemu ndani ya prosesa chenye alama za 0 na 1 zinazoitwa biti) kuna biti ya 21, jaribu kuibadilisha, ikikubali kubadilika maana yake CPUID ipo ingia, ikigoma usiingie. Na hata kabla ya hapo kuna hodi nyingine ya biti ya 18, hiyo inagoma kwenye 386, kizazi cha kabla ya 486, na inakubali kwenye 486. Na hizo mbili usiziguse mpaka ujue una 386 kwenda juu, maana 8088 na 286, ambazo ni kongwe zaidi, hizo biti hazina kabisa. Anza na mashine kongwe kabisa upande ngazi taratibu, usianzie juu.

Nikarekebisha, programu ikapita, ikaandika: 486, spidi 33. Kidirisha mbele kinasema 66.

Hapo sasa. Nikaona hesabu yangu mbovu. Namna ninavyopima spidi ni kuizungusha prosesa kazi ileile huku nahesabu muda kwa ile saa ya ndani ya PC inayopiga kama mara 1,193,182 kwa sekunde, nikasema lazima nimegawanya vibaya mahali, mbona jibu ni nusu kamili. Nikakesha nayo. Nikakumbuka kitufe cha tabo (turbo), kile cha kupunguza na kurudisha spidi ya mashine, nikasema labda kimezimwa, nikakibonyeza, spidi ikashuka zaidi, kumbe kilikuwa kimewashwa. Siku ya pili nikakaribia kabisa kuandika mstari wa kuzidisha jibu mara mbili ili lifanane na kidirisha. Naona aibu hata kulisema hili ila ndo ilivyokuwa.

Dogo ndo akaniokoa, akaja na mafuta ya cherehani ya mama yake, akadondoshea kila skrubu tukaacha mpaka alasiri, zikafunguka. Ndani, betri ya pipa imevuja, ukungu wa kijani umeshaanza kula njia za bodi pembeni (kama una bodi ya namna hii nyumbani itoe hiyo betri leo, usisubiri). Na katikati pale prosesa ipo wazi, imeandikwa juu yake vizuri tu: DX-33. Programu ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Na kile kidirisha? Nyuma yake kuna jampa, yani vijipini unavyoviunganisha kwa mkono. Kile hakipimi chochote jamani, fundi aliyeunga boksi ndo anapanga jampa kionyeshe namba anayotaka, akitaka 66 kinaandika 66 hata kama ndani kuna jiwe.

Kuanzia hapo nina daftari. Mashine ikija nafungua kwanza, naandika kwa mkono kilichomo, kila chip ninayoweza kuisoma, napiga na picha, ndo naendesha programu nalinganisha. Na nimejifunza kutenganisha majibu, maana kuna kitu programu imekipima yenyewe, kuna kitu chip imekisema, na kuna kitu binadamu alikiandika zamani akasahau. Hiyo ya tatu ndo inaua. Mfano floppi, programu nyingi zinasoma aina ya floppi kwenye CMOS, yani kumbukumbu ndogo inayotunza kile mtu alichochagua kwenye setapu, menyu ya mipangilio ya mashine, kwahiyo nishaona mashine inasema ina floppi mbili na ndani imefungwa moja. Au ile baiti ya modeli mwishoni mwa bayosi (programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye bodi), FC ni IBM AT ya 1984, sawa, ila mashine za kampuni nyingine zilizoiga IBM karibu zote zinajibu FC, hata Pentium, ukiiamini utamwambia mteja Pentium yake ni ya 1984. Tarehe ya bayosi nayo Wamarekani wanaanza na mwezi, 08/04/93 ni Agosti siyo Aprili, nimeingia mkenge hapo. Na kwenye bodi za miaka ya 2000 ukisoma modeli unaweza kukuta To Be Filled By O.E.M., yani mtengenezaji atajaza, na hakujaza mpaka leo.

Nyingine ni Cyrix 6x86, inatoka kiwandani CPUID imezimwa, programu isiyojua hilo inaiita 486. Ndo maana kwangu sasa hivi kuna jibu la "sijui" na silionei aibu. Mtu akikuta sijui atafungua boksi, akikuta 486 ya uongo atanunua ramu isiyoingia.

Halafu kabla ya kila hatua chapa jina lake kwenye skrini, ndo uifanye. Ikiganda unajua imegandia wapi, unapiga picha na simu, basi. Hasa ukifika kwenye kutafuta kadi za netiweki, kugusa ovyo pota (milango ambayo prosesa inaongea na kadi kupitia kwayo) kwenye zile mashine kunaweza kuigandisha mashine nzima.

Mzee wa Mikindani nilimwita nikamwonyesha ile DX-33. Akavaa miwani, akainama, akaisoma mara mbili. Nikamuuliza, mzee nipange jampa kidirisha kiandike 33? Akacheka.

"Iache hiyohiyo baba. Wajukuu wameshaizoea."