Gari limechoka na wewe ni mgeni Tanga: anza na tarehe ya kibali chako

Sisi tuliokuja Tanga kwa kazi, wengi tukitokea Mombasa, Nairobi na Kampala, tumeongezeka tangu mradi wa bomba la mafuta uanze kule Chongoleani. Na wengi tunafika kwenye swali lile lile: gari limechoka, nilitengeneze au nitafute jingine? Kila anayeniuliza anaanza na bei. Mimi humwambia atoe kwanza kibali cha ukaazi aangalie kinaisha lini. Sisi walioajiriwa tuna kibali cha daraja B, ambacho hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, na hata ukikihuisha kina ukomo wake. Aliyebakiza mwaka mmoja na aliyeshuka basi jana pale Kange hawawezi kununua gari la aina moja. Kabla hujajiuliza utanunua nini, jiulize siku ya kuondoka gari hilo utamwachia nani.

Lakini hakikisha kwanza kwamba gari ulilonalo limefika mwisho kweli, kwa sababu hapa pwani mwisho hauji kupitia injini. Gari langu lilikuwa Toyota Raum yenye namba ya usajili ya herufi C. Naishi Sahare, upepo wa bahari unapiga mchana na usiku. Injini yake, 1NZ ya cc 1,500, haikuwa na neno, na spea zake ziko kila duka. Nililipeleka gereji Ngamiani kwa sababu ya mlio wa shokapu tu. Fundi akalinyanyua kwa jeki, akatandika boksi, akalala chini, akaanza kugonga kwa mpini wa bisibisi kwenye kizingiti cha mlango, hatua kwa hatua kuelekea nyuma. Ngo, ngo, ngo, halafu sauti ikafifia. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ukamwagika mchanga mbichi wa rangi ya kahawia. Vile vitundu vya kutolea maji chini ya mlango vilikuwa vimeziba, na maji ya mvua yenye chumvi yamekaa humo mwaka baada ya mwaka. Akanionyesha na bomba la breki karibu na gurudumu la nyuma. Alilikwangua kwa kucha na kutu ikatoka vipande vipande. "Dada, injini nzima," akasema, "ila gari hili linaliwa na bahari."

Hapo ndipo pa kuamulia. Kitu kinachofungwa kwa bolti kinabadilishika. Shokapu, bushi, rejeta, hata injini nzima au gia boksi utaipata ya mtumba wa Japani Dar es Salaam, pale Ilala au Gerezani, na gari likaendelea. Kutu iliyoingia kwenye vizingiti na pale chesisi inaposhika mguu wa gari ni habari nyingine. Watakukatia bati, watachomelea, watapaka pati na rangi, na litapendeza sana mpaka masika ijayo. Chini ya lile bati kutu inaendelea. Bomba la breki nililibadilisha siku ile ile, hilo halina mjadala hata kama gari unaliuza wiki inayofuata. Gari lenyewe nikaamua kuliacha.

Sasa unatafuta jingine, na watu watakushauri njia tatu.

Ya kwanza ni kulileta la nyumbani. Kwa anayerudi Mombasa kila mwisho wa wiki, gari lenye namba ya Kenya lina faida yake: pale mpakani Horohoro unapata kibali cha muda, unakata bima ya COMESA ya kuvuka mipaka, unaingia. Lakini kibali hicho kina mwisho, na gari hilo huwezi kumuuzia mtu wa Tanga mpaka lilipiwe ushuru. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nafuu kwa anayehamisha makazi, kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia angalau miezi 12. Ina masharti yake, kwa hiyo nenda ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, uulize kuhusu gari lako kabla halijavuka mpaka.

Ya pili ni kuagiza Japani. Hapa kaa na kalamu. Unachukua bei, nauli ya meli na bima mpaka bandarini, unaweka ushuru wa forodha wa asilimia 25. Unaongeza ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari la zaidi ya cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5 na kwa kubwa zaidi ni 10. Kisha kuna uchakavu: gari dogo la miaka 8 mpaka 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 ni 30. Juu ya jumla yote hiyo inakuja VAT ya asilimia 18, na bado bandari na wakala wanadai chao. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Weka aina ya gari na mwaka wake, kitakupa hesabu kwa thamani wanayoitambua wao hata kama risiti yako inasema vingine. Ukibakiza mwaka mmoja au miwili, kodi hizo unawalipia watakaolitumia baada yako. Aliye na miaka mingi mbele yake, sawa, aagize.

Ya tatu, ambayo ndiyo niliyoifuata na ndiyo ninayowashauri wengi wetu, ni kununua lililokwisha sajiliwa hapa, na kulinunua bara. Gari lililoishi Dodoma au Arusha chini yake ni kavu, hata kama rangi imepauka kwa jua. Nilichukua Toyota IST ya Arusha, namba D. Mtu wa Tanga atainunua hata kesho, na hilo kwa mgeni lina uzito kuliko starehe. Wenzetu hupenda magari makubwa wakifikiria Lushoto, lakini kutoka Mombo mpaka juu ni lami na IST inapanda vizuri. Kama kazi yako ni ya kule milimani Amani wakati wa mvua, nakuelewa ukitaka kubwa.

Herufi za namba zisikupumbaze. Zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania tu. IST ya mwaka 2004 iliyotoka bandarini juzi itavaa namba E na dalali ataisifia kama mpya. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi ya gari. Na kwa Wakenya wenzangu: usinunue ukidhani utarudi nalo nyumbani. Kenya haisajili gari la kutoka nje lililozidi miaka 8, na karibu kila IST na Raum unayoiona barabarani Tanga imeshapita hapo.

Makaratasi sasa. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa pesa, maana deni linafuata gari. Kubadilisha jina TRA ni shilingi 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanaendesha miaka na kadi ya mtu wa tatu huko nyuma. Mwenyeji anaweza kumpigia simu mjomba wake yakaisha. Sisi tukifika Horohoro na kadi isiyo na jina letu tunadaiwa barua ya mwenye gari, na mwenye gari ameshahama.

Raum yangu nilimuuzia fundi wa bodi aliyeitaka kwa spea, kwa bei ya chini, baada ya kumwonyesha pale bisibisi ilipozama. Hata kwa gari la kuchinjwa usikabidhi kadi na kwenda zako. Nendeni pamoja TRA, na usikubali ahadi ya wiki ijayo, kwa sababu gari likikamatwa au likigonga mtu wewe ukiwa umesharudi kwenu, jina litakalosomeka ni lako.