Mboni kutoka nje ya jicho: omba maski ya umbo hivi

Mkuu, umesema unataka kuwaandikia watengenezaji wa programu yako ya katuni waongeze maski ya umbo (umbo linaloficha chochote kinachotoka nje yake), ili mboni isitoke nje ya jicho mhusika akiangalia pembeni. Waandikie kabisa, ila usiishie kwenye "tunaomba maski", waeleze umbo la jicho lifiche kinachozidi bila kukifuta na jicho likifumba maski nayo ifuate, maana hapo ndo penye kazi, kufuta mboni kwa mkono fremu (picha) 24 kwa kila sekunde inachosha sana jamani. Ambatanisha klipu fupi. Wakati unasubiri jaribu Grease Pencil, zana ya kuchora katuni ndani ya programu ya Blender, chora mboni kwenye leya (tabaka la mchoro) yake peke yake, kisha kwenye Masks ya leya hiyo ongeza leya ya weupe wa jicho, mboni inakatwa palepale ukingoni. Kope ziweke leya ya juu isiyo na maski.