Do Inahama, Gitaa Halihami: Majibu kwa Wapiga Gitaa wa Kwaya

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wa nne napiga gitaa katika kwaya yetu hapa Kongwa. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, nazijua kwa umbo la vidole tu, hivyo mwalimu wa kwaya akipandisha wimbo kutoka D hadi E flati kwa sababu ya sauti za kwanza, nakwama kabisa. Nilinunua kitabu cha nadharia kilichojaa nota za mistari, nikakiacha njiani. Je, siwezi kuelewa muziki bila nota hizo? – Msomaji, Kongwa.

JIBU: Ndugu yangu, nadharia unayoitafuta huenda unayo tayari, kwa kuwa mwanakwaya aliyefundishwa kwa karatasi za tonika solfa, yaani do, re, mi, anajua jambo ambalo wapiga gitaa wengi huchukua miaka kuligundua, nalo ni kwamba do si sauti moja iliyokaa mahali pamoja. Mfumo huo, ambao John Curwen wa Uingereza aliueneza katika karne ya 19 akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover, ulikusudiwa tangu mwanzo uhamishike, na ndiyo maana juu ya karatasi huandikwa kwamba do ni G au do ni D, kisha herufi za chini zikabaki zilezile.

Kilichobaki ni kuihamishia solfa kwenye shingo ya gitaa. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, kuna nusu toni. Kwingine kote kuna toni nzima. Kila freti moja, yaani nafasi kati ya chuma kimoja na kingine shingoni, ni nusu toni. Chukua basi uzi wa tano, yaani A, uupige wazi na kuuita do, kisha imba huku ukibonyeza: re iko freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu freti ya 12. Ukimaliza, anzia freti ya 3 ya uzi huohuo, ambayo ni C, utaona hatua ni zilezile: 3, 5, 7, 8, 10, 12, 14, 15. Zoezi hili lisilo na mbwembwe lifanye kwa kuimba kwa sauti, maana vidole vikitangulia sikio, utakuwa umejifunza namba na si muziki.

Kodi nazo huzaliwa humohumo. Do, mi na so zikipigwa pamoja ni kodi ya kwanza. Fa, la na do ni ya nne. So, ti na re ni ya tano. Ukiwa D, hizo ni D, G na A. Mwalimu akipandisha hadi E flati, zinakuwa E flati, A flati na B flati, na hapo ama utumie kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya 1 na kuendelea na maumbo yako ya D, ama upige kodi za kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote. Kapo si aibu, ila ukiitegemea bila kujua kwamba kodi unayoishika kama G sasa inalia A flati, siku mpiga kinanda atakapokuuliza uko wapi hutakuwa na jibu.

Jihadhari na jambo moja linalowachanganya wengi. Nyuzi za gitaa hupishana kwa freti 5, isipokuwa uzi wa tatu na wa pili, G na B, ambazo hupishana kwa freti 4. Kwa hiyo umbo lolote unalolihamisha kutoka nyuzi nene kwenda nyembamba hujivunja hapo, na ni lazima kidole kisogee freti moja mbele. Mimi mwenyewe nilidhani kwa muda mrefu kwamba gitaa langu lilikuwa bovu.

Nota za mistari utazihitaji ukitaka kusoma kazi zilizoandikwa kwa ajili ya gitaa. Kwa kusindikiza kwaya, zinaweza kusubiri.

SWALI: Tunapoimba nyimbo zenye mahadhi ya Kigogo, gitaa langu linakwaruzana na waimbaji ingawa nimelituni vizuri. Kosa ni la nani? – Msomaji, Chamwino.

JIBU: Hakuna mwenye kosa. Freti hugawa oktava, yaani umbali wa do hadi do ya juu, katika sehemu 12 zilizo sawa, ilhali uimbaji wa Wagogo, sawa na zeze na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa dole gumba) alizozipiga mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya uzi wenyewe. Gusa kidogo tu, bila kubonyeza, uzi mnene kabla ya kufika freti ya 3, kisha uupige: utasikia sauti nyembamba, ya saba kati ya zile zilizomo ndani ya uzi, ambayo, ukiacha tofauti ya oktava, iko chini ya ile ya freti ya 10 ya uzi huo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Waimbaji wako wanaiimba hiyo. Mi yao pia huwa chini kidogo kuliko yako.

Kwa hiyo usiwafunike kwa kodi nzima. Piga do na so peke yake, uwaachie wao mi. Ukitaka kuifikia ile sauti ya saba, kumbuka kwamba kuvuta uzi hupandisha tu wala hakushushi. Bonyeza la, kisha vuta juu kwa theluthi mbili za nusu toni, ukiwasikiliza kina mama wanaoongoza wimbo.

SWALI: Kodi ya F ya kulaza kidole hailii, na kidole kinauma. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma Mjini.

JIBU: Usianzie freti ya 1, kwa kuwa hapo nyuzi ni ngumu kuliko kwingine. Anzia freti ya 5, ulaze ubavu wa kidole cha shahada badala ya tumbo lake, ukisogeza karibu na chuma cha freti, na uzito utoke mkononi kwa kuvuta nyuma kidogo, si kwa kukaba kwa dole gumba. Shuka freti moja kila umbo linapolia safi. Ukifika freti ya 1 na bado nyuzi zinagoma, mpelekee fundi gitaa atazame kile kipande chenye mifereji kilicho mwisho wa shingo, maana mara nyingi mifereji yake haikuchongwa vya kutosha.